Mwosha vipuri aliyeacha petroli ili mkamwana arudi

Asubuhi bado ina ubaridi, na Mavluda Ergasheva amekwisha kujifunga kitambaa kichwani kwa fundo la kisogoni, fundo la kazi. Anafunua pipa lililosimama kando ya ukuta wa udongo. Juu ya pipa hilo limelazwa sinki pana la chuma, na ubavuni mwake kuna pampu ya mkono.

Anasukuma mpini. Mafuta maangavu kama maji yanachuruzika juu ya kifuniko cha giaboksi, na weusi uliogandia miaka mingi unaanza kuteleza. Anausaidia kwa brashi, anakigeuza kifuniko, anakisogeza kwenye mwanga, kisha anairudia pembe moja iliyomkaidi.

Mlango wa ua unagongwa. Anaingia Joldosh, fundi wa injini mwenye gereji nyuma ya soko, begani kabeba gunia lenye vyuma vinavyogongana.

“Asalaam aleikum, dada. Nimekuletea zawadi.”

“Zawadi zako zote zina grisi.”

“Hata ningekuletea maua ungeyaosha.”

Mavluda hacheki, ila anammiminia chai kabla hajaombwa.

Mafundi wa upande huu wa Osh, mji wa kusini mwa Kirigizistani, wanamjua vizuri. Kuosha vipuri ni kazi wasiyoipenda: inakula muda na haimpi mtu sifa. Kwa hiyo wanamletea yeye. Huja na injini zilizofunguliwa, kabureta, giaboksi za trekta ndogo za mashambani. Mavluda huviosha, huvikausha, huvifunga kwa magazeti na kuvirudisha. Kwa beseni moja lililojaa hulipwa som mia mbili na hamsini, na siku nzuri hufikisha mabeseni manne.

Leo uani hapanuki kitu zaidi ya mkate wa jirani. Mwaka jana wakati kama huu, mtu aliijua nyumba ya Mavluda kabla hajaiona.

“Madereva wa teksi walikuwa wanaelekezana, mshushe abiria pale panaponuka petroli,” anasema. “Na mimi nilikuwa nacheka nao.”

Mavluda ana miaka hamsini na mitatu. Kazi hii aliirithi. Mumewe, Mamasoli, alikuwa fundi, na ndiye aliyelitengeneza sinki hilo kwa mikono yake. Alipofariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo, miaka kumi iliyopita, vyuma vya wateja vilikuwa bado vimelala uani. Mjane wake aliviosha ili avirudishe kwa wenyewe vikiwa safi.

“Niliona aibu kuwarudishia vichafu,” anasema. “Ningekuwa kama nasema marehemu amewaachia taka.”

Baada ya matanga Joldosh akaja kuchukua vya kwake. Alivitazama, akavigeuzageuza, na siku chache baadaye akaleta vingine.

Mavluda aliosha kwa petroli kwa sababu mumewe aliosha kwa petroli. Inakata grisi upesi, inakauka yenyewe, na inauzwa kila kona. Hakuvaa glovu. Ngozi ya vidole ikawa nyeupe, kisha ikapasuka, na wakati wa kulala alikuwa akiipaka mafuta ya mkia wa kondoo na kuvaa soksi mikononi. Kila jioni kichwa kilimgonga. Alidhani ni umri.

“Baadaye nilijua kwamba haifai,” anasema. “Lakini kujua ni kitu kingine, na kuacha ni kitu kingine. Ukiacha, unakula nini?”

Mtoto wake pekee, Nodir, anafanya kazi za ujenzi Yekaterinburg. Alioa miaka miwili iliyopita, akakaa nyumbani kwa muda mfupi, kisha akarudi Urusi na kumwacha mkewe kwa mama yake, kama wanavyofanya vijana wengi wa hapa.

Mke huyo ni Zumrad, mshonaji wa miaka ishirini na mitatu, mpole wa sauti lakini si wa ulimi. Wanawake hao wawili walipatana kuliko ilivyotarajiwa. Jioni walitazama tamthilia za Kituruki pamoja. Zumrad alikuwa na tabia ya kumtabiria mkwewe mwisho wa kila tamthilia, naye alikosea kila mara.

Mwanzoni mwa mwaka jana, baridi ikiwa bado kali, Nodir alikuja likizo. Alipoondoka, Zumrad alikuwa na mimba.

Mimba ikaibadili pua yake. Harufu aliyokuwa ameizoea ikawa inampindua tumbo. Hakusema. Alifunga madirisha, akajiziba pua kwa shela, akadai ana mafua. Mkamwana mwenye adabu hamwambii mkwewe kwamba kazi inayowalisha inanuka.

Siku moja ya Aprili, Mavluda alikuwa ameinamia sinki aliposikia ndoo ikianguka. Aligeuka, akamwona Zumrad amelala kando ya bomba, uso umempauka, maji yanamtiririkia nguoni. Alimwinua kwa makwapa, akamburuta hadi nje ya lango, barabarani, mbele ya wapita njia.

“Ua wote haukuwa na hewa ya kumpa,” anasema. “Nilimtoa nyumbani kwangu ili apumue. Hapo ndipo nilipoelewa.”

Mama yake Zumrad, Tojihon, alifika siku hiyohiyo kwa teksi. Ni mwanamke aliyefua nguo hospitalini mpaka akastaafu, na hana desturi ya kupunguza sauti. Hakuketi. Chai aliyowekewa hakuigusa, na katika mtaa huu mgeni asiyegusa chai amekwisha sema nusu ya alilokuja nalo.

“Mkwe wangu,” alisema, “mwanangu nilimwoza kwa mume. Sikumwoza kwa kituo cha mafuta.”

“Mchukue akapumzike, mkwe. Wiki moja hivi.”

“Wiki ya nini? Atarudi siku nitakayoingia humu nisinuse kitu. Na pua yangu unaijua.”

Zumrad alipanda teksi akilia. Mavluda alimwekea begi miguuni, akamfungia mlango, akabaki amesimama mpaka gari lilipokata kona.

Mtaani wakasema mkamwana kakimbia. Wengine wakaongeza kwamba alikuwa akipigwa. Dukani mwanamke mmoja alimuuliza Mavluda, mbele ya watu, kama ni kweli alikuwa akimfungia binti wa watu chumbani. Mavluda alilipia unga wake, akaondoka.

Zumrad alikuwa akimpigia simu kila jioni. “Mama, si wewe,” alimwambia. “Ni hii pua yangu.” Nodir naye alipiga kutoka Urusi, akamsihi aachane na vyuma vya watu, yeye atatuma pesa zaidi.

“Mwanangu analala chumba kimoja na wenzake saba,” anasema Mavluda. “Atume zaidi kutoka wapi?”

Hakuacha kazi. Aliamua kuiacha petroli.

Alianza na mafuta ya taa. Hayawaki upesi kama petroli, hayapotei hewani, na grisi inayatii. Lakini harufu yake ilimshinda. “Petroli ni mgeni mwenye kelele, anakuja na kuondoka,” anasema. “Mafuta ya taa yanahamia kabisa.” Yaliingia kwenye mapazia, yakaingia kwenye mito, na siku moja aliyakuta kwenye unga. Mfuko mzima ukaenda kwa kuku wa jirani, nao wakaukataa.

Akajaribu dizeli. Hiyo husafisha, lakini inaacha utando wa mafuta. Joldosh alirudisha mzigo siku ya pili, akiwa ameshika kipuri kimoja kwa ncha za vidole.

“Dada, hiki umekiosha au umekipaka?”

“Nimekiosha.”

“Basi gundi ya gasketi haikubali. Kila nikiweka, inateleza kama samaki.”

Jaribio la tatu ndilo ambalo hadi leo analisimulia akiwa ameinamisha kichwa. Alipokuwa msichana, kwao walipika sabuni kwa mafuta ya ng'ombe na magadi makali, na alikumbuka jinsi magadi yale yalivyotakata masufuria yaliyoungua. Akachemsha maji, akayatia magadi, akatumbukiza vipuri. Vya chuma vilitoka safi, kana kwamba vimetoka kiwandani jana. Kwa furaha akatumbukiza na kabureta ya Joldosh, ambayo ni ya aluminiamu, akaenda kumwagilia nyanya zake.

Aliporudi, ndoo ilikuwa ikifurika povu kama maziwa yaliyoachwa jikoni. Kabureta ilitoka nyeusi, imeliwa vishimo vishimo, na vile vitundu vyembamba vya kupitishia mafuta vilikuwa vimepanuka.

Hakumtuma mtu. Aliifunga kwenye taulo, akaenda nayo gereji kwa miguu.

“Joldosh, nimekuharibia.”

Fundi aliichungulia kwenye mwanga. “Hii umeiosha au umeipika?”

“Nimeipika.”

Mafundi wenzake wakaangua kicheko. Joldosh hakucheka, maana kabureta ilikuwa ya mteja, na mteja mwenyewe mkali. Alikaa juu ya gurudumu, akafikiri. Mwishowe akasema atatafuta nyingine kuukuu sokoni, na gharama watagawana.

“Lakini niambie, dada, unahangaika na nini? Petroli imekukosea nini?”

“Imenikimbizia mtoto,” Mavluda alijibu.

Joldosh anasema hakuwa amejua. Kama wengine, alikuwa amesikia habari za mkamwana kupigwa. Alijifuta mikono, akamwambia apande gari.

Alimpeleka kwenye duka la rangi la Perizat, mwanamke mmoja mchangamfu ambaye hajui lolote kuhusu injini. Anachojua ni brashi na vitu vya kuzisafishia. Perizat alimfungulia chupa ya tapentaini iliyosafishwa mpaka ikaondolewa harufu, ile inayotumiwa na wapakaji rangi wanaofanya kazi ndani ya nyumba zenye watu.

Mavluda akanusa. Akanusa tena. “Hii si maji?”

“Si maji, mama. Usije ukaiweka karibu na moto. Inawaka nayo, ila haina pupa kama petroli. Na ufanyie kazi penye upepo, kukosa harufu si kukosa madhara.”

“Bei?”

Perizat alipoitaja, Mavluda aliifunga chupa kwa mkono wake mwenyewe. Lita moja ilikuwa som mia na tisini, na petroli wakati huo ilikuwa som sabini na kitu. Aliaga, akatoka.

Joldosh alikuwa amekwisha kuwasha gari alipomwona anateremka na kurudi dukani. Alitoka amekumbatia dumu la lita ishirini.

“Zilikuwa pesa za makaa ya mawe ya baridi,” anasema. “Nikajiambia, baridi bado iko mbali.”

Mwanzoni aliona amejidanganya. Siku chache tu za kazi, na dumu zima lilikuwa jeusi kama lami. Alikuwa bado hajajua la kufanya alipoitwa harusini kwa ndugu zake wa Uzgen. Akafunika pipa, akaenda. Huko harusini, anasema, hakusikia hata nyimbo, alikuwa akiwaza yale makaa ya mawe.

Aliporudi alifunua pipa ili amwage yale mafuta. Juu palikuwa peupe. Uchafu wote ulikuwa umejilaza chini, mzito, umetulia.

“Ni kama samli,” anasema. “Ukiiacha itulie inajitenga yenyewe. Petroli haikuwahi kunionyesha hivyo, ilikuwa inapaa kabla haijatulia.”

Tangu siku hiyo akabadili utaratibu wote. Kipuri hakigusi tapentaini kikiwa na tope. Kwanza anakikwangua kwa kijiti, anakisugua kwa maji ya moto na sabuni ya kipande, anakianika juani, ndipo kinapanda kwenye sinki. Akimaliza kazi hufunika pipa. Mafuta yakichafuka huyaacha yatulie, huteka ya juu na kuyachuja kwa kitambaa kizito. Mashapo ya chini huyatia kwenye debe, na mtu wa tanuri la matofali huja kuyachukua ya kuwashia moto.

Dumu lile lilimfikisha karibu miezi mitatu. Petroli alikuwa akinunua lita arobaini kila mwezi, na nyingi ilipotelea hewani na mapafuni mwake.

“Ukinunua unaiona ghali,” anasema. “Ukiitumia unaiona rahisi.”

Akanunua na glovu nene, zinazofika kwenye viwiko.

Tojihon alikuja mwezi wa Agosti bila kupiga simu, mkononi ana sahani ya sambusa za tanuri iliyofunikwa kitambaa. Mavluda alikuwa katikati ya kazi, sinki limejaa. Hakupata nafasi ya kuficha chochote, wala hakujaribu.

Mgeni alisalimu kwa kifupi, akaweka sahani, akaanza kuzunguka. Alinusa taulo zilizokuwa kwenye kamba. Akaingia ndani, akashika pazia na kulileta puani. Akafunua kitanda cha Zumrad, akainama.

“Mto nao, mkwe?” Mavluda alimuuliza kutoka mlangoni.

“Nimefua nguo za wagonjwa maisha yangu yote. Najua vitu vinapojificha.”

Alirudi uani, akasimama mbele yake. “Lete mikono.”

Mavluda akavua glovu. Tojihon aliishika mikono yote miwili, akainusa, na baada ya kuinusa hakuiachia. Aliigeuza. Mipasuko ilikuwa imeziba, lakini makovu yalikuwa yamejaa vidole vyote, meupe, na kucha mbili zilikuwa zimeota upande.

“Hii ni ile petroli?”

“Ni ya zamani. Imepona.”

“Tangu lini?”

“Tangu Mamasoli afe.”

Tojihon alipitisha kidole chake juu ya makovu hayo, moja baada ya jingine.

“Wa kwangu nilimtoa hapa siku ileile,” akasema mwishowe. “Wewe hakuna aliyekuja kukutoa?”

“Mama yangu alishakufa, mkwe.”

Waliketi kwenye jukwaa la mbao la kukalia uani, wakala sambusa zote, na birika likajazwa tena. Jua lilipokuwa linashuka Tojihon alisema kwamba hanusi kitu. Lakini mtoto wa kwanza huzaliwa kwa kina mama yake, akakumbusha, kwa hiyo Zumrad atajifungulia kwake, na arobaini ikiisha atamleta mwenyewe. Mavluda alikubali. Ndivyo ilivyo desturi, na siku hiyo hakuna aliyehitaji kumshinda mwenzake.

Mtoto alizaliwa Oktoba, msichana, akaitwa Mohira. Alifika nyumbani kwa bibi yake theluji ikianguka, kafungwa mablanketi mengi hata Mavluda akamuuliza Tojihon kama kweli ndani yake kuna mtu.

Hayajanyooka yote. Mavluda bado anakohoa asubuhi, na daktari amemwambia kwamba yaliyoingia kwa miaka tisa hayatatoka kwa miezi tisa. Nodir hajampakata binti yake, anamwona kwenye simu tu. Kwenye gereji za nyuma ya soko, mafundi wakiwa na haraka bado wanaosha kwa petroli, sigara mdomoni.

“Nimewaambia,” anasema Joldosh, akisogeza kikombe chake kiongezwe chai. “Wananiambia niende kuolewa na Mavluda, kwa kuwa tumeanza kusema maneno mamoja.”

“Nani atakuoa wewe,” anasema Mavluda. “Unakuja na nguo hizo.”

Mpango wao wa sasa ni kununua pipa zima la tapentaini, wao na mafundi wengine wawili waliokubali, kwa kuwa Perizat amewaahidi kuwapunguzia bei wakichukua kwa jumla. Mavluda anataka pia kujenga kibanda cha kuoshea nje ya ukuta, upande wa mfereji, chenye paa na madirisha makubwa pande mbili, ili pipa likae mbali na mtoto ambaye hivi karibuni ataanza kutambaa. Matofali anayo. Paa litangoja vuli.

“Nodir akirudi akute mahali pa kufanyia kazi,” anasema. “Nimemwambia, hapa kuna kazi isiyokuchubua wala kukuumiza kichwa. Akija, tutaosha wawili. Akikataa, nitaosha mwenyewe, lakini kwenye hewa.”

Ndani, mtoto anaanza kulia. Zumrad anatokea mlangoni naye begani, nywele zake bado hazijachanwa, na Mohira ananyoosha mkono kuelekea uani.

Mavluda anavua glovu, anaziweka ukingoni mwa sinki. Anaenda kwenye bomba, anajisugua kwa sabuni kuanzia vidole hadi viwiko, anasuuza, kisha anavileta viganja puani.

“Mama, havinuki,” anasema Zumrad.

“Najua,” anajibu, na anaichukua sabuni tena.